Ushauri: bosi anataka AI itutengenezee Postgres, nianzie wapi?

Mleta uzi: Wakuu habari zenu, naombeni ushauri. Databezi yetu ya mauzo inaendeshwa na programu ya Postgres, seva ina ramu GB 32, ripoti za mwisho wa mwezi zinakwama mpaka watu wa mauzo wanapiga simu. Bosi kasoma habari za OtterTune, huduma ya AI ya kupanga setingi za databezi, sasa anataka kitu cha namna hiyo, mashine ijifunze yenyewe ipange setingi. Kuna aliyewahi kutumia?

Mdau 1: Mkuu OtterTune walishafunga 2024. Wazo lilitoka chuo cha Carnegie Mellon, karatasi yao ya 2017: inasoma vipimo vya seva, inalinganisha na databezi ilizowahi kuona, inapendekeza setingi, inapima tena. Ni kazi nzuri sana ila angalia kwanza kama shared_buffers (ramu ambayo Postgres inahifadhia data inayotumika) bado ni ile 128MB iliyokuja nayo, weka robo ya ramu. Na work_mem (ramu ya kupanga na kuunganisha data ndani ya kwiri, yaani ombi linalotumwa kwa databezi) ya 4MB usiipandishe kwa wote, ipandishe kwenye seshen ya ripoti tu.

Mleta uzi: Hiyo robo tulishaweka. Nimepiga EXPLAIN ANALYZE, amri ya kuonyesha kwiri inavyotekelezwa, ripoti inachuja wateja kwa mkoa, wilaya na kata, plana (sehemu ya Postgres inayochagua njia ya kutekeleza kwiri) anakadiria rekodi 12 lakini zinatoka zaidi ya elfu 40, halafu katumia nested loop, yaani kwa kila rekodi ya jedwali moja anatafuta upya kwenye jedwali lingine.

Mdau 2: Basi ugonjwa umeupata ndugu yangu. Plana anachukulia hizo kolamu hazihusiani kwa hiyo anazidisha uwezekano wa kila moja, wakati ukishaijua kata, wilaya na mkoa umeshavijua. Tumia CREATE STATISTICS aina ya dependencies kwenye kolamu zote 3 ili ajue zinavyotegemeana, ipo tangu toleo la 10, kisha ANALYZE ili takwimu zikusanywe. Bila hivyo, hata ubadilishe setingi zote za ramu makadirio yatabaki yaleyale.

Mdau 3: Ila AI msiitupe jamani, makadirio mabovu kama hayo ndo Bao, mfumo wa AI wa watu wa chuo cha MIT, 2021, iliyashughulikia. Haimtoi plana, inamzuia tu, mfano kwiri hii usitumie nested loop, inapima muda halisi na kujifunza. Ila inataka kwiri nyingi zinazopita kila siku, ripoti ya mara moja kwa mwezi haiipi cha kujifunza.

Mleta uzi: Mdau 2 Mungu akubariki, sasa plana katumia hash join, njia inayofaa kuunganisha rekodi nyingi, na ripoti inatoka ndani ya sekunde chache! Bosi nampelekea plani zote mbili, ya zamani na hii mpya, azione. Nawasha pg_stat_statements, inayorekodi muda wa kila kwiri, nikipata kwiri nyingine nzito nazileta hapahapa.