Mjadala: Makro za kufikia fildi za objekti, zibaki au tuzizike?

Mleta mada: Wakuu, heshima kwenu. Hii ni kwa mnaoandika C, lugha ya programu. Mimi nasema hizi makro (majina ambayo C huyabadilisha kuwa msimbo mwingine kabla ya kukompaili) za kufikia fildi, yaani vipande vya data ndani ya objekti, tuachane nazo, tuandike funksheni. Ushahidi wangu ni Python, ambayo kiini chake ni C. Kwa miaka mingi Py_TYPE(x) ilikuwa makro ya ob_type tu, fildi inayoshika aina ya objekti. Ukiisoma unadhani ni funksheni, kumbe kompaila inaona fildi tupu, na watu wakawa wanaandika `Py_TYPE(x) = aina_mpya;`. Unaingia jikoni kwa watu na mwenye nyumba hana habari! Toleo la 3.9 likaleta Py_SET_TYPE ya kubadilisha aina, na kwenye 3.11 Py_TYPE ikawa funksheni kweli. Msimbo wenye ile alama ya = ukagoma kukompailika.

Mchangiaji 1: Mkuu, unaionea makro. Bila hiyo wangegusa fildi yenyewe kila mahali. Tazama 3.13, lile toleo la majaribio lisilo na GIL (kufuli linaloruhusu thredi moja tu kwa wakati): hesabu ya marejeo (objekti inarejelewa mara ngapi) imegawanywa fildi mbili, ob_ref_local na ob_ref_shared. Aliyekuwa anasoma kwa Py_REFCNT(x) wala hakushtuka. Aliyeandika x->ob_refcnt kakwama.

Mleta mada: Kilichomwokoa ni jina, si makro. Py_REFCNT yenyewe ilishakuwa funksheni ya static inline (kompaila huweza kuipachika papo hapo inapoitwa) tangu 3.10. Halafu jaribu hii:

`#define JINA(p) ((p) ? (p)->jina : "")`

Ita `JINA(mtu++)` ukipita kwenye safu ya watu. Makro imeandika p mara mbili, kwa hiyo pointa (anwani ya data) inasogea mara mbili, unapewa jina la mtu wa pili, na kompaila kwa kawaida inanyamaza kimya. Utakesha na dibaga, programu ya kusaka makosa.

Mchangiaji 2: Nani kakutuma uweke ++ ndani ya makro? Hilo tunafundishana mwaka wa kwanza.

Mchangiaji 3: Mleta mada, makro ya container_of ya Linux unaiweka wapi? Unaipa pointa ya fildi, aina ya struct (fungu la fildi) na jina la fildi, inakurudishia struct nzima. Niandikie funksheni ya C inayopokea jina la fildi.

Mleta mada: Hiyo nakuachia, C haina namna nyingine. Ila container_of inapiga hesabu ya anwani. Makro zenu nyingi zinafupisha mshale (->) wa kufikia fildi tu, na mshale ni herufi mbili.

Mchangiaji 1: Mbili leo. Subiri struct iwe ndani ya struct ndani ya union (fildi zinazotumia nafasi moja), ndipo utanitafuta.