Kadi inasema 1974, Mama anasema 1969: umri halisi wa Land Rover 109 unasomwa wapi?

MtotoWaOldeani:
Wakuu, habari za jioni. Nina Land Rover 109 ya petroli (ile ndefu, inchi 109 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma) ya marehemu baba. Imekaa chini ya mgrevilea hapa Karatu tangu 2011. Mzee alikuwa dereva wa shamba la kahawa kule Oldeani, na shamba lilipobadilisha magari akauziwa hii kwa kukatwa kwenye mafao yake. Sasa nimeamua kuifufua.

Kadi inasema imetengenezwa 1974. Ndani, kwenye ule ukuta wa chuma unaotenga injini na miguu ya dereva, kuna kibati chenye namba inayoanza na 912. Dukani wakaniambia 912 ni Series III, yaani toleo la tatu la Land Rover, nikaagiza sinkro (pete za kulainisha kuingia kwa gia) na beringi za gia boksi ya Series III, mzigo mzima. Fundi kafungua gia boksi jana, nusu ya vitu haviingii. Kanitazama kama nimemletea spea za cherehani.

Halafu kuna la Mama. Anaapa kwamba aliolewa kwa gari hili, Agosti 1969, kakaa mbele na shangazi, boneti imefungwa khanga nyekundu. Shemeji yangu kila tukikutana ananiuliza imekuwaje bibi harusi akapanda gari ambalo halijazaliwa. Nimeweka picha hapo chini. Nisaidieni.

SpanaKumiNaTisa:
Kijana, pole na msiba wa mzee hata kama ni wa siku nyingi. Na Mama yako mwache kwanza, usibishane naye. Picha ya kwanza tu imenipa wasiwasi na kadi yako.

Tazama taa kubwa. Za kwako ziko katikati, zimebanana na shoo ya waya. Series III, iliyoanza kutoka 1971, taa ziko nje kwenye madigadi na shoo yake ni ya plastiki. Sasa tazama ndani: mita za kwako ziko mbele ya dereva. Huo ni mtindo wa Series III, maana zilizotangulia zina mita katikati ya dashibodi. Kwa hiyo uso ni wa gari moja na kifua ni cha gari jingine.

Kibati kimefungwa kwa ripiti nne tu, na kinasafiri na ule ukuta. Bodi ya Land Rover ni aluminiamu, hailiwi na kutu, ila ukuta ule ni chuma na huoza pale miguu inapokaa. Nimebadilisha kuta za namna hiyo nisizozihesabu, na kila ukuta ulikuja na kibati chake.

Namba ya kweli imegongwa kwenye chesisi. Lala chini upande wa kulia mbele, kwenye chuma kinachoshika springi. Paka mafuta ya taa, acha usiku mzima, kisha brashi ya waya kwa mkono. Usithubutu kuweka grenda, namba zile ni nyembamba, utazifuta na hutazipata tena. Pakishakauka sugua chaki, halafu weka karatasi na upitishe penseli kama watoto wanavyochora shilingi. Ulete hapa tarakimu tatu za mwanzo na herufi ya mwisho. Za katikati baki nazo, mtandao una watu wengi.

Ukiwa hapo chini nyanyua na kifuniko cha katikati uniambie gia boksi ina namba gani juu yake. Ina namba yake peke yake na herufi yake.

MtotoWaOldeani:
Wakuu, nimerudi na mgongo unauma. Ilinichukua siku mbili. Chesisi inaanza 252 na kumalizikia herufi D! Gia boksi nayo inaanza 25, tarakimu ya tatu imeliwa, ila 9 haipo kabisa. Na kwenye dainamo nimekuta kimegongwa 5 67 kwa maandishi madogo sana. Hiyo ni nini?

Ngarenaro4x4:
Rahisi hiyo. Series IIA, toleo lililotangulia Series III, ilianza 1961. A ni 61, B ni 62, C ni 63, D ni 64. Gari lako ni la 1964. Karibu tena.

SpanaKumiNaTisa:
Ngarenaro, hapana. Kosa hilo nalisikia kila gereji na limewatia watu hasara. Herufi ya mwisho si mwaka. Kiwanda kilibadilisha herufi kila kilipobadilisha kitu ambacho fundi wa spea lazima akijue. Inaweza kukaa muda mrefu, inaweza kukaa muda mfupi. Kazi yake ni kukuambia sili ipi na silinda ipi, na ndiyo maana muuza spea akikuuzia bila kuuliza herufi, ondoka dukani.

Ila tarakimu tatu za mwanzo ni barua kamili. 25 hapo ni Series IIA ndefu, 109, petroli. Ile 2 ya mwisho ni ilikokwenda: usukani kulia, imeunganishwa Uingereza na kuuzwa nje. Ingekuwa 251 ingekuwa ya kuuzwa kwao wenyewe. 253 ni usukani kulia lakini ilisafirishwa vipandevipande kwenye makasha ikaunganishwe mbele. 254 ni usukani kushoto. Fupi ya 88 petroli inaanza 241 na kuendelea hivyohivyo. Series III wakahamia kwenye 9, na ndiyo 912 ya kibati chako ikatoka: ndefu, petroli, usukani kulia, ya nje. Yaani ukuta ulitoka kwa ndugu yake mdogo kabisa wa gari lako. Aliyeuchagua alijua kazi.

Mwaka haumo ndani ya namba yenyewe. Series II ya 1958 hadi 1961 ndiyo iliyokuwa na tarakimu ya mwaka ndani, ya nne: 8, 9, 0, 1. Kwenye IIA wakaiondoa, sijui walituonea wivu gani. Kwa hiyo unatafuta mashahidi. 5 67 kwenye dainamo ya Lucas, watengenezaji wa vifaa vya umeme vya gari, ni mwezi wa tano 1967. Dainamo inaweza kubadilishwa, kwa hiyo tafuta na namba nyingine kama hizo, kwenye mota ya waipa kwa mfano. Zikikaribiana, umepata.

Jambo jingine: kabla hujaunga betri, kagua waya wa bodi. IIA za mwanzo chanya ndiyo inakwenda kwenye bodi, baadaye wakageuza. Ya kwako inapaswa kuwa hasi, lakini gari lililopita mikononi mwa watu wengi usiliamini.

DerevaWaUjiji:
Naunga mkono hiyo 254. Huku Kigoma zipo zilizovuka kutoka Burundi na Kongo, ambako wanaendesha kulia mwa barabara. Watu wamehamisha usukani zamani, kadi safi, dereva kakaa kulia, ila ukilala chini chesisi inasema 254. Binafsi niliwahi kukataa gari kwa namba hiyo, si kwa ubaya wa gari, ni kwa namna walivyochomelea boksi la usukani.

MtotoWaOldeani:
Mota ya waipa: 6 67. Nimepiga kelele mpaka kuku wakatawanyika.

Na sasa nimekumbuka. Nilikuwa darasa la tatu, 1989, gari likakaa gereji Arusha karibu miezi mitatu, kwa sababu mvua ikinyesha miguu ya Mzee ilikuwa inalowa kama yuko mtoni. Liliporudi mita zimehama. Sisi watoto tulidhani Mzee kanunua mita mpya. Mwaka uliofuata ndipo akahamishiwa umiliki, na nadhani aliyejaza karatasi alisoma kibati tu. Hiyo 1974 ni umri wa ukuta!

Je, nigongelee namba sahihi kwenye kibati kipya?

SpanaKumiNaTisa:
Usiguse nyundo. Usigonge, usisugue, usibandue hata ripiti. Hapo sasa unayo kadi ya namba moja na chesisi ya namba nyingine, na mtu asiyejua hadithi ya miguu ya Mzee ataona gari la wizi. Nenda mwenyewe na picha, karatasi ya penseli na kadi ya zamani ukaombe ukaguzi, kabla hujakaguliwa barabarani.

Na kama una hela ya kupoteza, andikia jumba la makumbusho ya magari la Gaydon, Uingereza. Wanatunza madaftari ya kiwanda. Unawapa namba ya chesisi na uthibitisho, wanakupa hati: siku lilipokamilika, rangi, na lilikopelekwa.

MtotoWaOldeani:
Wakuu, ni wiki ya saba. Hati imefika. Limekamilika Agosti 1967, rangi ya kijivu, likapelekwa Dar es Salaam. Nimekwangua nyuma ya kiti cha dereva, chini ya kijani na chini ya krimu: kijivu.

Nimemsomea Mama. Hakuonekana kushangaa. Kauliza tu kama wazungu wameandika kwamba mlango wa kushoto ulikuwa haufungi vizuri, maana siku ya harusi shangazi aliushika kwa mkono njia nzima.

Ukaguzi umefanyika, nasubiri kadi mpya. Shemeji kanyamaza. Beringi na sinkro za Series III ziko kwenye boksi, sijazitumia, risiti ninayo. Mwenye 912 ya kweli anifuate inboksi, bei tutaelewana.