Wiki ya "tano moja": kwenu ilipitaje? Tupeane uzoefu

Wakuu, salaam. Leo nilikuwa napanga nguo kabatini nikakutana na ile jezi nyekundu ambayo sijaivaa mbele ya mke wangu tangu Novemba 2023. Nikakaa kitandani nikacheka peke yangu. Wiki ile ilikuwa na kila kitu: mgao wa umeme, mvua, rais wa Ujerumani katoka kututembelea, mfalme wa Uingereza katoka Kenya, na Jumapili ya tarehe 5 ndiyo ile ya Simba 1, Yanga 5. Naanza mimi, halafu kila mtu aseme kwake ilikuwaje. Masharti mawili tu: usije na kelele za timu kama huna kisa cha nyumbani, na usimtaje mtu wako kwa jina.

Mimi ni Simba wa kurithi. Mke wangu ni Yanga, na hilo alinificha mpaka mahari ilipokwisha. Sikuwa na sababu ya kumshuku, maana baba yake ni Simba wa enzi za mshambuliaji Kibadeni, na wakati wa posa niliona nyumba nzima nyekundu. Wiki hiyo mzee alikuwa kwetu Tabata, kaja kutoka Morogoro kwa ajili ya kliniki ya macho.

Saa kumi na moja jioni tumekaa. Mke kajifunga kanga ya njano yenye kijani, namuuliza, anasema ni kanga tu. Dakika ya 3 Musonda wa Yanga anafunga. Mke hakutamka neno, akainuka kwenda kuangalia wali ambao ulishaiva tangu saa tisa. Dakika ya 9 Kibu Denis wa Simba akasawazisha. Mzee aliruka, miwani ikadumbukia kwenye bakuli la mbaazi, na wala hakuitafuta. "Acha," akasema, "nimeshaona nilichotaka kuona." Mapumziko moja moja. Kipindi cha pili hakijachanganya, tii! Umeme huo ukaenda zake.

Redio ya mzee betri zimelala. Nyuma ya nyumba yetu kuna kibanda umiza, banda la kuonyeshea mpira, chenye jenereta, kwa hiyo tukabaki kusikiliza mechi kwa yowe. Likaja la kwanza. Mzee akasema hao ni wetu, Yanga hawana sauti nene hivyo. Likaja la pili. "Marudio hayo." La tatu likafuata baada ya dakika nne tu. "Limekataliwa, wanagombana na refa." La nne lilipopiga, mzee aliomba maji ya kunywa.

Mke alikuwa amesimama dirishani, mkono nyuma, na mimi nilikuwa nauona ule mkono ukikunjua kidole kimoja kimoja. Kijana wangu, wakati huo ana miaka sita, akaingia mbio kutoka nje: "Babu, tano!" Mzee: "Tano zipi?" Mtoto akainua kiganja: "Vidole vyote, babu."

Mzee hakukubali kufa kirahisi. Akaanza na Julai 19, 1977, sita bila, Kibadeni peke yake tatu. Binti yake akamjibu, "Baba, mwaka huo mimi sijazaliwa." "Na 2012, tano bila, je?" Mke akanitazama mimi, si baba yake. "2012 ndio mwaka niliolewa. Mabaya yangu yote nilipewa kwa mkupuo."

Kesho yake mama wa genge akanifungia fungu la nyanya. Nikahesabu. Nikamwangalia. Akaangalia pembeni. Konda nikampa noti ya elfu, akanirudishia mia tano kwa kuniwekea kiganjani taratibu, kidole kwa kidole, huku daladala nzima inatazama. Na wale wa "mtandao wa 5G umefika Msimbazi", yaani kwetu Simba, sina haja ya kuwasimulia, mnawajua. Habari ya taifa haijawahi kuniuma mpaka ipite mezani kwangu. Haya, karibuni.

—

MkeWaFundi, Mbagala:
Wangu alisusa chakula. Saa nne usiku nasikia sufuria zinagongana jikoni, giza totoro. Nikawasha tochi ya simu, nikamkuta kachuchumaa anakwangua ukoko. Sikusema kitu, nilimnyanyulia kiganja tu. Akaondoka na sufuria lake, akalala nalo sebuleni.

—

Jangwani Damu:
Daima mbele, nyuma mwiko!

—

(Huyo kavunja sharti la kwanza. Anayefuata.)

—

Mjukuu wa Bibi, Songea:
Nyie mnalia mpira, kwetu wiki ilianza mapema. Jumatano tarehe 1 Novemba Rais Steinmeier alifika hapa Songea, kwenye Makumbusho ya Maji Maji, akakutana na ukoo wa Nduna Songea Mbano, yule kiongozi wa Wangoni aliyenyongwa na Wajerumani 1906. Akaomba msamaha kwa waliyoyafanya wakati wa vita, na akaahidi kusaidia kukitafuta kichwa cha Nduna, ambacho wazee wetu wanasema kilichukuliwa kwenda kwao. Siku hiyo mji mzima ulikuwa na uso mwingine. Mimi niliyezaliwa hapa na kupita pale makumbusho nikienda shule bila hata kugeuza shingo, nilisimama nikasoma majina.

Bibi yangu alifuatilia yote redioni, mkeka ule ule, kimya. Ilipokwisha akasema, "Kwa desturi anayeomba radhi huja na kitu mkononi." Halafu akageuka kwa babu, ambaye alidhani habari hizi hazimhusu. "Umesikia? Mjerumani katumia miaka mia na kumi na saba, lakini kasema. Wewe mbuzi wangu wa 1984 uliyewachinjia wenzio wa ngoma bila kuniuliza, mpaka leo kimya."

Babu akajitetea kwamba yeye si rais. Bibi akamwambia hata Mjerumani aliyemuua Nduna hakuwa huyu.

Siku mbili babu hakutulia. Jumamosi akaja na jogoo kamfunga miguu, akamweka mlangoni, akakohoa. Bibi akamtazama jogoo, akamtazama babu. "Nilidai mbuzi. Huyu namchukua kama barua." Jogoo aliishi mpaka Krismasi, na kila alipowika alfajiri bibi alikuwa anamwambia babu, "Unakumbushwa."

—

Mama Tuktuk, Kisauni:
Sisi Mombasa mpira wenu twausikia kwa mbali. Tulikuwa na mfalme. Charles na Camilla walianza ziara yao Kenya tarehe 31 Oktoba, na Ijumaa tarehe 3 walikuwa Fort Jesus, wakaketi ndani ya tuktuk ya umeme wakapigwa picha.

Sasa mume wangu ni dereva wa tuktuk, na mavyaa wangu miaka yote hakubali kuipanda. Yuwasema gari lisilotimia miguu si gari, ni kilema. Ile picha ikamfikia kwa simu ya wifi yangu. Akaitazama, akaikuza kwa vidole viwili, akauliza, "Huyu ndiye mfalme mwenyewe, ama ni mtu amefanana?" Tukamwambia ndiye. Asubuhi yake nimetoka uani namkuta kavaa buibui la harusini, marashi yanukia hadi njiani. "Mwambie mwanangu anipeleke Kongowea."

Kutoka Kisauni hadi sokoni akawapungia watu mkono, polepole, mmoja mmoja. Watu nao wakampungia. Mwezi huo petroli ilikuwa imepita shilingi 210 kwa lita, mume wangu akajaribu kumtania mamake, "Nauli ya mfalme ni maradufu." Akashuka, akajitengeneza buibui, akasema, "Yule wa Uingereza alilipa?" Akaingia zake sokoni.

—

Mdau wa Umoja, Nairobi:
Kwetu ilikuwa Jumatatu usiku, tarehe 6. Bwanangu ni shabiki wa Spurs ya Uingereza, na hiyo ni ndoa nyingine ambayo mimi niliikuta. Mechi na Chelsea ilianza saa tano usiku, mtoto mdogo amelala, kwa hiyo sharti ni kushangilia bila sauti. Spurs wakafunga mapema, akaruka kimya kimya kama mtu anayekanyaga makaa. Halafu Romero kadi nyekundu. Halafu Udogie naye nje. Wakabaki tisa, na wale tisa badala ya kujazana golini wakajipanga katikati ya uwanja! Nicolas Jackson wa Chelsea akapiga tatu, ikaisha nne moja. Nimeona watu wakilia msibani, lakini mtu anayelia huku amejiziba mdomo na nepi ya mtoto, hiyo niliona siku hiyo pekee.

Siku hiyo hiyo serikali ikatangaza kwamba Jumatatu inayofuata, tarehe 13, ni sikukuu ya kupanda miti. Miti milioni 100 kwa siku moja, ili tufikishe bilioni 15 ifikapo 2032. Vizuri sana, lakini sisi tunaishi ghorofa ya nne. Mwalimu wa kijana wetu mkubwa anataka picha ya mtoto akipanda mti. Mvua nayo inanyesha ile ya El Nino. Tukachukua mkebe wa rangi, tukatia udongo tuliouchota kando ya barabara usiku kama wezi, tukazika mbegu ya avokado.

Ule mti uliota. Uko hapa kibarazani, umepita dirisha. Kijana aliupa jina: Nicolas Jackson. Babake hajawahi kuumwagilia hata tone.

—

Mtoto wa Maniema, Kindu:
Munasahau kitu moja. Ile mabao mbili ya Maxi ni yetu. Maxi Nzengeli alitoka Maniema Union, hapa kwetu, akakuja kwenu Yanga mwaka ule ule. Njo maana siku ile nilitembea mu kartie kama vile mimi njo nilifunga. Bibi yangu akaniuliza, "Huyu Maxi ni ndugu yako?" Nikasema ndiyo, sisi wote ni bamoja. Akasema, "Basi umuandikie atume feza ya masomo ya batoto." Tangu siku ile, nasema Maxi namujua kwa jina tu.

—

Mpemba wa Ruwi, Muscat:
Huku Jumapili ni siku ya kazi. Mechi ilikuwa saa kumi na mbili za huku, mimi niko dukani na tajiri kanikalia mbele. Nikamwomba mke wangu, yuko Unguja, anitumie matokeo kwa sauti. Mpira haujui wala haupendi.

Ya kwanza: "Wamefunga." Nikauliza nani? Kimya. Baada ya robo saa: "Nilikuwa naanua nguo, mvua imekuja. Wamefunga tena." Nani, mke wangu, nani? "Wale wanaoshangilia." Ya mwisho ikaingia nikiwa nampimia mteja kitambaa: "Umekwisha. Wengi kwa mmoja." Nikampimia yule bwana mita tano badala ya tatu, na sikuwa hata najua kwa nini.

—

Mwenye uzi, Tabata:
Mmenimaliza. Huyo jogoo wa Songea nimemsoma kwa sauti, mke wangu kasema na yeye ana mbuzi wake wa kudai, sijui hata ni wa mwaka gani.

Nimalizie ya mzee. Jumanne tarehe 7 zikatoka habari kwamba Simba wameachana na kocha Robertinho. Mzee alikuwa anakunywa chai. Akaweka kikombe chini, akaniambia, "Mkwe, hata mimi mkataba wangu hapa umekwisha." Macho yenyewe daktari alikuwa bado hajamaliza kuyaangalia. Akafunga begi.

Mke wangu akamwandalia kikapu cha zawadi ya mama, maembe mazuri, ya kwanza kwanza ya msimu. Akampa kwa mikono miwili, kapiga na goti, adabu zote. Mzee akashukuru, akafunua kitambaa, akayahesabu. Akamtazama binti yake muda mrefu. Kisha akatoa embe moja, akalimenya kwa meno pale pale mlangoni, akalila lote mpaka kokwa, akajifuta mdomo, na akaondoka na manne.