Mfarishi wa Idi: khanga nyekundu inachuja rangi

Swali (Binti wa Tanga):
Assalaam aleikum. Nyumbani kwetu, kila mwezi wa Ramadhani tunakusanya vipande vya khanga vilivyobaki mwaka mzima na kuviunga, baada ya tarawehe, kuwa mfarishi wa viraka unaotandikwa sebuleni asubuhi ya Idi. Mwaka jana nyekundu ilichuja ikaharibu sehemu zote nyeupe, hata kipande chenye jina (yale maneno yanayochapwa kwenye khanga), kilichotoka katika khanga ya marehemu bibi. Nifanyeje safari hii?

Jibu (Mama Pindo):
Waaleikum salaam, mwanangu. Khanga mpya huja na wanga na rangi ya ziada, tena kitambaa cha pamba hurudi kikifuliwa. Kwa hiyo roweka kila rangi peke yake, suuza mpaka maji yawe meupe, anika kivulini, piga pasi, ndipo ukate. Chumvi tuliyofundishwa na wazee, mimi sijaiona ikisaidia. Kipande kisichoacha kuchuja kitoe, hata kikiwa kizuri.

Jibu (Sindano na Uzi):
Naongeza la pamba ya ndani: mistari ya mshono isiachane zaidi ya sentimita 10, la sivyo pamba itajikusanya pembeni mfarishi ukifuliwa. Jina likate zima, ukiacha sentimita moja ya mshono kila upande, uliweke katikati.

Binti wa Tanga:
Ahsanteni sana. Nimeroweka doti moja leo. Maji ya nne, na bado ni mekundu.