Colorado bila Shedeur na Travis: wanafika ushindi 6, au tunaifuata miwani ya kocha Deion Sanders tu?

Wakuu, Ijumaa hii, Agosti 29, 2025, Colorado, timu ya chuo ya futiboli ya Kimarekani, wanafungua msimu nyumbani Boulder dhidi ya Georgia Tech. Hapa Denver kila kinyozi ana utabiri wake. Wangu huu, nirushieni mawe: hawafikishi ushindi 6, na bila 6 hakuna boli (mechi ya heshima ya mwisho wa msimu) Desemba.

Sababu si kuondoka kwa Shedeur Sanders, kwotabeki (mwongozaji na mrushaji mpira), peke yake, ingawa yadi 4,134 za kurusha na tachidauni 37 (mpira kufikishwa eneo la mwisho) za mwaka jana haziokotwi barabarani. Wala si Travis Hunter, aliyebeba Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, kwa kulinda na kushambulia mechi hiyohiyo (yule hazaliwi kila mwaka, tuachane naye). Shida yangu ni wale wanene wa mbele, ukuta unaomlinda kwotabeki na kumfungulia njia mkimbiaji. Mwaka jana Colorado walishika mkia daraja zima la juu la vyuo kwa kukimbia na mpira, wastani wa yadi 65 tu kwa mechi. Kila mpinzani alijua mpira utarushwa. Shedeur anarudi nyuma, anatazama kulia, anarudi tena, ukipepesa jicho jezi mbili zimeshamkalia kifuani.

Na ulinzi? Kumbukeni Kansas, Novemba: mkimbiaji wao Devin Neal alikimbia yadi 207 peke yake, tukalala 37-21. Ijumaa anakuja Haynes King wa Georgia Tech, kwotabeki mwenye miguu ya kukimbia na mpira. Nawasilisha.

Mchangiaji: Mkuu, umesahau walikotoka. 2022 walishinda mechi 1. Deion kaja, zikawa 4, mwaka jana 9. Kaidon Salter, kwotabeki wetu mpya, naye ana miguu: 2023 akiwa chuo cha Liberty alikimbia zaidi ya yadi 1,000. Na Marshall Faulk, mkimbiaji nyota wa zamani, ndiye anawanoa wakimbiaji msimu huu wa 2025. Mfumo unabadilika, wewe bado unalilia wa zamani.

Mleta mada: Salter nakukubalia. Ila Liberty hao hao walipokutana na Oregon walipigwa 45-6. Ligi ya Colorado haina mteremko ule wa Liberty.

Mchangiaji mwingine: Mimi kinachonichosha ni usajili. Kila mwaka tunajifunza majina upya! Mpeni mpira huyu dogo Julian Lewis, kwotabeki chipukizi, ana miaka 17, akosee, akomae. Halafu muwe na utu kidogo: mwezi uliopita tu, Julai, kocha Deion katangaza katolewa kibofu kwa saratani, na bado yuko uwanjani.

Mleta mada: Kwa hilo namvulia kofia, mkuu. Lakini dogo nyuma ya ukuta unaovuja? Mtamvunja. Kusajili sina ugomvi nako, tangu Julai 2025 vyuo vinalipa wachezaji moja kwa moja, kila mtu yuko sokoni. Ijumaa niko kwa kinyozi. Msifuate mpira, mtazameni Jordan Seaton na wenzake wa ukuta wa mbele. Dauni ya tatu (jaribio la tatu kati ya manne ya kusogeza yadi 10), zimebaki yadi 2, wakikimbia wakazipata mara tatu mfululizo, nafuta uzi huu mwenyewe.