Mitindo ya makanisa ya enzi za kati Ulaya ya kaskazini: mbona tarehe hazilingani?

Msomi_wa_Ngara

Hamjambo wadau. Ninasomea usanifu majengo hapa Nairobi, na muhula huu tumeingia katika makanisa ya enzi za kati ya Ulaya ya kaskazini. Jedwali tulilopewa linasema kwamba mtindo wa Kiromaneski, wenye matao ya nusu duara na kuta nene, ulitawala kuanzia mwaka 1000 hivi hadi 1150, kisha ukafuata mtindo wa Kigothi wenye matao yaliyochongoka. Tatizo ni kwamba nikichukua jengo mojamoja, jedwali linakataa. Kanisa kuu la Durham, Uingereza, ambalo ujenzi wake ulianza 1093, lina mbavu za mawe darini (matao membamba yanayoibeba dari), nasi tumefundishwa kuwa mbavu hizo ni alama ya Kigothi. Kule Ujerumani nako matao ya duara yaliendelea kujengwa hata baada ya 1200. Je, tarehe hizi ni za kutegemewa? Na makanisa ya mbao ya Norwei niyaweke safu gani?

Mwalimu_Mstaafu

Mwanangu, tarehe za jedwali lako ni za Ufaransa ya kaskazini, tena za eneo dogo linaloizunguka Paris. Mwaka 1144, sehemu ya madhabahu ya kanisa la abasia (nyumba ya watawa) ya Saint-Denis, iliyojengwa upya chini ya Abati Suger, iliwekwa wakfu. Karibu kila kitu kilichotumika pale kilikuwa kimekwisha kujaribiwa kwingine: mbavu Durham, tao lililochongoka Burgundy, mashariki mwa Ufaransa. Jambo jipya lilikuwa kuviunganisha hivyo vyote ili ukuta upunguziwe kazi ya kubeba dari na nafasi yake ichukuliwe na vioo vya rangi.

Kutoka hapo mtindo ulisafiri na mafundi. Kanisa kuu la Canterbury liliposhika moto 1174, aliitwa fundi Mfaransa, William wa Sens, ambaye baadaye alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi akaumia, na kazi ikachukuliwa na William mwingine, Mwingereza. Mwaka 1287, fundi Étienne de Bonneuil aliingia mkataba Paris wa kwenda kujenga Uppsala, Uswidi. Tazama umbali wa miaka hiyo kutoka 1144, nawe utaelewa kwa nini mstari mmoja wa tarehe hauwezi kulifunga bara zima.

Ujerumani ni kisa kingine. Bonde la mto Rhine lilikuwa na makanisa makuu ya fahari, kama lile la Speyer, lililoanzishwa na Kaisari Konrad II mnamo 1030, na watu wake hawakuona sababu ya kuuacha mtindo uliowapa heshima. Kanisa la Mtakatifu Elisabeth mjini Marburg, lililoanza kujengwa 1235, ni miongoni mwa ya kwanza huko kuwa ya Kigothi kweli. Kwa hiyo usiseme Wajerumani walichelewa. Neno hilo huwageuza Wafaransa kuwa saa ya ukutani ya Ulaya nzima.

Mhandisi_Embakasi

Mwalimu amemaliza upande wa historia. Mimi naomba niongezee upande wa mzigo, kwa sababu wanafunzi wengi hudhani tao lilichongolewa kwa ajili ya urembo.

Chukua chumba cha mstatili chenye upana wa mita 4 na urefu wa mita 6, ukitaka kukiezeka kwa dari la mawe. Tao la nusu duara kimo chake ni nusu ya upana wake, huna hiari. Upande mfupi utapata tao la mita 2, upande mrefu mita 3, na tao la kukata kona kwa kona, ambalo lina upana wa takriban mita 7.2, litafika mita 3.6. Vilele vitatu, vimo vitatu, na fundi lazima ayainue matao mafupi kwa nguzo za ziada au akubali dari lenye mawimbi. Ndiyo maana wajenzi wa Kiromaneski walipenda vyumba vya mraba. Tao lililochongoka halina kifungo hicho: unaweza kulibana au kulipanua, vilele vyote vikakutana mita 3.6. Zaidi ya hayo, kwa upana uleule, tao refu lililochongoka huisukuma nguzo kwenda nje kwa nguvu ndogo kuliko la nusu duara.

Msukumo uliobaki ndio uliozaa yale matao ya nje yanayouegemea ukuta kutoka juu ya mapaa ya pembeni. Hata hivyo, mbinu hii ina mpaka wake. Katika kanisa kuu la Beauvais, Ufaransa, walipandisha dari hadi mita 48 hivi, na mwaka 1284 sehemu yake ikaporomoka. Nani angeidhinisha michoro ile leo bila hesabu?

Bi_Matofali

Nashangaa kwamba wote mmezungumzia mawe tu. Ukifika pwani ya Bahari ya Baltiki, mawe mazuri ya kuchonga ni haba, ilhali udongo wa kufyatulia matofali umejaa. Kanisa la Mtakatifu Maria mjini Lübeck, Ujerumani, lililojengwa upya kuanzia karne ya 13 kwa fedha za wafanyabiashara, lina dari la takriban mita 38, yote kwa matofali ya kuchoma. Tofali halikubali nakshi nyembamba za Kifaransa, kwa hiyo uzuri ukahamia kwenye ukubwa wa kuta, mpangilio wa matofali na rangi yenyewe. Makanisa ya namna hiyo yalienea hadi Gdańsk na kwingineko katika miji ya biashara.

Kuhusu Norwei, ningekushauri usiyalazimishe makanisa yale kuingia katika safu yoyote. Kanisa la Borgund lilijengwa mwishoni mwa karne ya 12, wakati kanisa kuu la Chartres, Ufaransa, linajiandaa kuinuka upya baada ya moto wa 1194, lakini nguzo zake za msonobari zimesimama juu ya mihimili ya mbao iliyolazwa kwenye msingi wa mawe, ili zisioze kama zile za zamani zilizochimbiwa ardhini. Mbao zilipakwa lami, na juu ya mapaa yametokeza vichwa vya majoka. Matao yamo ndani yake, lakini mfumo wa kubeba uzito ni wa seremala.

Msomi_wa_Ngara

Nawashukuru sana, Mwalimu, Mhandisi na Bi Matofali. Swali moja limebaki: Waingereza wanaigawa Gothi yao mara tatu. Ugawaji huo una uzito gani, na kanisa kuu la All Saints hapa Nairobi linaangukia wapi?

Mwalimu_Mstaafu

Ugawaji huo aliueneza msanifu Mwingereza Thomas Rickman mwaka 1817, karne nyingi baada ya waashi wenyewe kufariki, akitazama hasa madirisha. Unafaa. Kanisa kuu la Salisbury, lililoanza 1220, lina madirisha membamba. Baadaye mawe ya madirishani yakasukwa kama majani. Na mwishowe, kama katika kanisa la King's College, Cambridge, mistari ikanyooka wima na mbavu za dari zikafunguka kama kipepeo cha kupepea moto.

All Saints si la enzi za kati hata kidogo: jiwe lake la msingi liliwekwa 1917, na mchoraji wake, Temple Moore, alikuwa wa kizazi cha Waingereza waliofufua Gothi. Ukienda, beba daftari, uchore dirisha moja na nguzo moja kisha uangalie ni kitu gani hasa kinachobeba paa. Ukitoka hapo, tembea hadi kanisa la Holy Family, lililojengwa kwa zege miaka ya 1960, ukaulize swali hilohilo.