Mrejesho: protoc ilikuwa haioni faili ya import

Swali lilikuwa: kwa nini protoc (programu inayozalisha kodi kutoka faili za .proto) inadai common/money.proto haipo wakati ipo? Limetatuka.

Kiini ni chaguo la -I. Njia iliyo kwenye import husomwa kuanzia folda inayotajwa na -I, si folda ya faili yenye hiyo import. -I ilielekea proto/shop. Sasa inaelekea mzizi, yaani folda ya proto:

protoc -I proto --go_out=gen --go_opt=paths=source_relative proto/shop/order.proto proto/common/money.proto

Taja faili zote mbili, maana protoc haizalishi kodi ya faili iliyoletwa kwa import tu. Kila moja iwe na option go_package (njia ya pakiti ya Go). Folda ya gen itengenezwe mapema, protoc haiiundi. Ikilalamikia protoc-gen-go (programu-jalizi inayozalisha kodi ya Go), basi programu hiyo haimo kwenye PATH, orodha ya folda ambamo programu hutafutwa. Mara nyingi iko $HOME/go/bin.

Kulikuwa pia na ushauri kwamba ukifuta sehemu (field) namba 4 ya ujumbe (message), uweke "reserved 4;" ili namba hiyo isitumike tena; kwa maoni yangu ni wa lazima. Namba hiyo ikipewa sehemu nyingine, data ya zamani itasomwa vibaya, pengine bila kosa lolote kuonekana. Ili kukagua mabadiliko yanayovunja utangamano na tawi la main, nimeongeza amri ya buf (zana ya kukagua faili za .proto):

buf breaking proto --against '.git#branch=main,subdir=proto'